Sentensi Ambayo Haikusomwa Jikoni

Alikuwa mwalimu wa Kemia, na jarida la shule aliachiwa kwa sababu siku ya kugawana majukumu alichelewa mkutanoni. Hivyo ndivyo alivyotueleza mwenyewe, bila haya. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amechukua drama, wa Kiingereza mdahalo, na yeye alipofungua mlango akiwa bado na vumbi la chaki kwenye mikono ya sweta, akaambiwa kilichobaki ni jarida. Alilishika kwa miaka tisa. Shule yetu ya wasichana, kando ya Barabara ya Ngong, ilikuwa na walimu wa kike zaidi ya kumi, lakini ukisema Madam bila kuongeza jina, kila mtu alijua unamsema nani.

Mimi nilikuwa mhariri wake kwa mwaka mmoja, na ndio uliokuwa mwaka wake wa mwisho na jarida. Kosa lilikuwa langu. Nilimdanganya kwa neno moja, "ndiyo", nikalirudia nilipopewa nafasi ya kulifuta, na mpishi wa shule akafukuzwa kazi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani ninamwandika kwa mapenzi tu. Nilimpenda, hilo ni kweli, na bado nampenda. Lakini naandika kwa sababu ninaona aibu.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na mkoba wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na karatasi za majaribio, miwani ya akiba, njugu karanga na khanga moja ambayo sikuwahi kumwona akiifunga. Njugu alikuwa akizila ndani ya maabara, chini ya tangazo alilolibandika kwa mkono wake mwenyewe likisema ni marufuku kula ndani ya maabara. Ukimtazama sana anakuletea mkono na kukugawia tatu, si nne, kisha anaendelea kufundisha asidi na besi kama hakuna kilichotokea.

Jarida letu lilitoka mara moja kwa mwaka, siku ya zawadi, katika muhula wa pili. Lilikuwa na hotuba ya mwalimu mkuu, mashairi ya watu waliokuwa wanapenda mtu, matokeo ya michezo, na mwishoni kurasa za kidato cha nne: picha ya kila msichana, na chini yake sentensi moja. Kabla ya Madam, sentensi hizo zilikuwa zinafanana kama sare. Fulani ni mchangamfu, fulani ana bidii, fulani atakumbukwa kwa tabasamu lake. Madam alizipiga marufuku zote. "Ukimwita mtu mcheshi na mimi sijacheka," alisema, "umemsingizia."

Kwake sentensi ya jarida ilikuwa kazi kubwa kuliko insha. Alitaka tumwambie kitu ambacho kamera haikukiona. Picha ilikwisha kuonyesha sare, meno na namna mtu alivyochana nywele, kwa hiyo hayo hayakuwa na haja ya kuandikwa. Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu msichana, ilibidi umwulize mtu anayelala kitanda cha chini yake, mtu anayekaa nyuma yake darasani, na mtu mmoja aliyewahi kugombana naye. Huyo wa tatu ndiye Madam aliyempenda zaidi. Alisema rafiki anakupa sifa, lakini mtu mliyenuniana naye anajua hata unavyokohoa.

Na baada ya hayo yote, kulikuwa na jikoni.

Mpishi wetu mkuu alikuwa mama wa makamo kutoka Magharibi, tuliyemwita Mama tu. Hakujua kusoma. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama kwenye dirisha la kugawia chakula, na kila msichana alipita mbele yake mara tatu kwa siku na sahani, kwa hiyo hapakuwa na mwalimu aliyetujua kama yeye. Alijua nani hali kabichi, nani huomba ukoko, nani amelia usiku. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mhariri alikwenda jikoni na daftari lake. Mama aliketi juu ya gunia akichambua maharagwe kwenye ungo, na wewe ulimsomea sentensi zako bila kutaja jina. Kama mikono yake iliendelea kuchambua na jina likamtoka papo hapo, sentensi imepita. Kama mikono ilisimama akaanza kufikiria, ulirudi kuandika upya. Ndiyo maana, katika jarida ambalo nusu yake ilikuwa Kiingereza, sentensi za kidato cha nne ziliandikwa kwa Kiswahili. Ilikuwa lazima zisikike jikoni.

Nakumbuka nilimsomea hii: "Alilala kitanda cha juu kwa miaka minne ili kuku wasimfikie."

Mama hakuinua hata kichwa. "Si huyo ni ule alipanda juu ya meza siku kuku za shamba zilitoroka! Akamwaga uji yote. Soma ingine."

"Aliimba sauti ya tatu kwa sababu ya kwanza na ya pili zilimkataa."

"Huyo naye ni mpole, msimuumize. Lakini ni yeye."

Wakati mwingine alisimamisha mikono kwa sababu nyingine. Nilimsomea sentensi kuhusu msichana aliyekuwa akiandika barua ndefu kila wiki na hapati jibu. Mama akaweka ungo chini. "Namjua," akasema. "Lakini hiyo toa. Hiyo ni ya kwake." Nikaitoa. Nilipomweleza Madam, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alisema kujua kitu ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua kama kinakuhusu, na hiyo ya pili Mama alikuwa nayo kuliko sisi sote. Wakati huo nilidhani ni maneno tu ya kumsifu rafiki yake. Maana walikuwa marafiki. Saa nne asubuhi, walimu wote wakinywa chai ofisini, Madam alikunywa yake jikoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki, wakicheka mambo ambayo hawakutueleza.

Msomaji asidhani nilikuwa nafundishwa na malaika. Madam huyu aliyekata vivumishi vyetu kwa wino mwekundu alikuwa akiandika maneno yale yale kwenye ripoti ya kila mwanafunzi: Anaweza kufanya vyema zaidi. Aliyepata themanini, anaweza kufanya vyema zaidi. Aliyepata kumi na moja, anaweza kufanya vyema zaidi. Nilimuuliza siku moja, nikitabasamu, kama hayo si mchangamfu wa upande wa pili. Hakukasirika. "Ripoti anaisoma baba yako kwa dakika moja," akasema. "Jarida utalisoma wewe ukiwa na miaka arobaini, umekaa peke yako, unataka kujua kama kuna mtu aliwahi kukuona."

Na ukurasa wake mwenyewe, Neno Kutoka kwa Mlezi, ulikuwa ukurasa mbaya kuliko yote. Kila mwaka alichukua fursa hii kutoa shukrani za dhati kwa wote waliofanikisha toleo hili kwa njia moja au nyingine. Tulimsihi atuachie tuuandike upya. Alikataa katakata. "Mimi ni mwalimu wa Kemia," alisema, na hoja ikaishia hapo.

Tena alikuwa mwongo wa simu asiye na kifani. Jumamosi ya kwenda mjini kwa mchapishaji, angepigiwa simu tukiwa bado tunatafuta ufunguo wa maabara, naye akajibu kwa sauti tulivu kabisa, "Tuko Railways hapa, tunakuja kwa miguu." Kisha ananitazama, "Kimbia uangalie mezani." Kwa hiyo uongo aliujua. Nadhani aliamini kuna uongo wa kumtuliza mtu mwenye mashine na kuna uongo wa karatasi, na huo wa pili hakuuvumilia hata kidogo.

Mchapishaji wetu alikuwa River Road, orofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabati. Tulipanda ngazi za giza zenye harufu ya wino, Madam akiwa amekumbatia faili la kurasa kifuani. Mwenye mashine alikuwa mtu mcheshi mwenye kalamu mbili masikioni, moja kila upande, na walikuwa wakigombana na Madam kila mwaka kuhusu kitu kimoja.

"Madam, hii page imejaa sana bana. Watu wanataka tu picha. Hakuna mtu husoma hizi mistari."

"Weka mistari kwanza. Ikibaki nafasi, weka picha."

"Picha ya mtu iwe kama ya stampu?"

"Kwani uso wake ataupoteza? Anao nyumbani."

Alisimama nyuma ya kiti chake mpaka kila jina likae sawa. Akikuta jina moja limekosewa herufi, ukurasa mzima unapangwa upya, hata kama mtu wa mashine ameshika kichwa. Alisema msichana anaweza kusamehe picha mbaya lakini jina lake likikosewa atajua hakuna aliyekuwa anamwangalia. Kisha aliniuliza swali ambalo aliwauliza wahariri wote kabla yangu, na bila jibu lake hakuweka sahihi: "Zote zimesomwa jikoni?"

Mwaka wangu, sentensi moja haikuwa imesomwa.

Ilikuwa ya msichana wa kutwa. Alikuwa mtulivu, anakaa safu ya mwisho, anafika kwa miguu asubuhi na kuondoka kwa miguu jioni. Wa bweni hatukuwa na habari naye. Wiki ile ya mwisho nilikuwa nimechoka, sikuuliza watu watatu, nilimuuliza mmoja tu, jirani yake wa dawati, naye akacheka. "Huyo? We angalia tu begi yake jioni." Nikaangalia. Siku mbili nilisimama karibu na lango nikamwona akipita nyuma ya jikoni, kisha akitoka na begi limevimba, ameinama upande mmoja kwa uzito. Nikaandika: "Kila jioni begi lake lilitoka shuleni zito kuliko lilivyoingia, na uzito huo haukuwa wa vitabu."

Niliipenda sentensi hiyo. Nasema ukweli, niliisoma mara kadhaa kitandani nikijisifu. Haikuwa na mchangamfu wala tabasamu, ilikuwa kitu nilichokiona kwa macho yangu, na ilichekesha. Nilidhani ninaandika kuhusu mlafi. Haikunijia kabisa kwamba nyumbani kwake kulikuwa na wadogo zake wanaongoja chakula hicho, wala kwamba Mama ndiye aliyekuwa anampakulia mabaki kila siku, kimya kimya, tangu kidato cha pili.

Ijumaa ya kwenda jikoni kulikuwa na fainali ya voliboli. Nilikwenda kutazama mechi. Hiyo tu ndiyo sababu. Nimejaribu miaka yote hii kutafuta sababu iliyo bora zaidi na sijaipata. Ilikuwa imebaki sentensi hiyo moja tu, nami nilikuwa na hakika nayo kuliko zote.

Kesho yake, River Road, Madam akauliza, "Zote zimesomwa jikoni?"

"Ndiyo, Madam."

Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye ukurasa, kikasimama kwenye picha ya yule msichana. "Hata hii?"

"Hata hiyo."

"Alisema nini?"

Hapo ningeweza kusimama. Mashine ilikuwa haijawashwa, na kufuta mstari mmoja kusingechukua dakika tano. Lakini nilikuwa nimefundishwa vizuri, nilijua kitu kidogo chenye sura yake ndicho kinachomfanya mtu aamini. "Alicheka, Madam," nikasema. "Aliweka ungo chini akacheka."

Akatoa kalamu, akaweka sahihi.

Siku ya zawadi wazazi walijaa uwanjani na majarida mikononi. Kulikuwa na mzazi mmoja katika kamati ya shule aliyekuwa akilalamika muda mrefu kwamba chakula cha watoto kinapungua na hajui kinakwenda wapi. Nilimwona akigeuza kurasa chini ya hema. Nilimwona akisimama kwenye ukurasa mmoja, akampa mwenzake asome, kisha wote wawili wakageuka kutazama upande wa jikoni. Hata wakati huo sikuelewa. Nilidhani wamependa sentensi.

Jumatatu Madam alinikuta kwenye ukumbi wa madarasa, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba Mama anatuhumiwa kuiba chakula cha shule, na kwamba ushahidi wao ni jarida letu. Kisha akanishika bega. "Niambie tena. Ulimsomea Mama ile sentensi?"

Nilijua, wakati huo huo, kwamba hili ndilo swali kubwa kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa. Niliogopa kufukuzwa shule miezi mitatu kabla ya mtihani. Zaidi ya hapo niliogopa uso wake.

"Ndiyo, Madam."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Mimi niliambiwa nirudi darasani.

Tulichosikia baadaye ni kwamba Madam alisema sentensi ni yake, ameiandika yeye, na mwanafunzi yeyote asiguswe. Mama alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Jarida likapewa mwalimu mwingine. Yule msichana wa kutwa aliendelea kuja shuleni na begi jepesi, akafanya mtihani wake, na kila tulipokutana alinisalimia kwa adabu. Nilitaka anitukane. Sikuwahi kumwomba msamaha, naye pia namwomba hapa, kwa kuchelewa.

Madam hakunigombeza hata siku moja. Aliendelea kutufundisha Kemia, ila saa nne alianza kunywa chai yake maabara, peke yake. Mimi nilitafsiri ukimya huo kwa namna iliyonifaa. Nilijiambia amejua, amenisamehe, ameamua kunibebea. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaajiriwa na kampuni ya matangazo huko Westlands, mahali ninapolipwa kuandika sentensi fupi zinazowafanya watu waamini sabuni. Kila nilipopewa sifa kazini nilimkumbuka. Mara mbili tatu nilianza kumwandikia barua nikaichana.

Miaka sita baadaye nilikutana naye kwenye maduka ya Adams Arcade. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi hivi. Alikuwa ametoka kwenye duka la fotokopi na rundo la karatasi za mitihani, mkoba ni ule ule.

"Madam, ni mimi."

Akanitazama juu ya miwani. "Naona ni wewe. Bado unatembea kama umesahau kitu nyumbani."

Tuliingia kwenye hoteli ndogo, tukaagiza chai ya maziwa na mandazi. Aliniuliza kazi yangu, akacheka sana aliposikia sabuni. Aliniambia yeye sasa ni mkuu wa idara, na kwamba jarida bado linatoka, lenye picha kubwa za rangi, na kila msichana ni mchangamfu tena. Alikuwa amezeeka kidogo kwenye shingo. Nilimtazama akimega mandazi vipande vidogo vidogo, nikaona nisiposema leo sitasema tena.

"Madam, kuna kitu nimekaa nacho. Ile sentensi ya mwaka wetu. Ya begi. Sikuisoma jikoni."

"Unasema?"

"Sikumsomea Mama. Nilienda kuona mechi."

Akaacha kumega. "Uliniambia alicheka."

"Nilitunga."

"Uliniambia aliweka ungo chini."

"Nilitunga, Madam. Nilidhani ulijua. Miaka hii yote nilidhani ulijua, ukaninyamazia tu."

"Ningejuaje?" Sauti yake haikupanda. "Ulisema alicheka. Ningejuaje?"

Alisogeza kikombe chake pembeni. Kisha akanieleza yaliyotokea ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Alikuwa ameingia kumtetea Mama, na utetezi wake wote aliujenga juu ya neno langu. Aliiambia kamati kwamba mpishi alisomewa sentensi hiyo kabla haijachapishwa na akaicheka, na mtu anayeiba hawezi kucheka akisomewa wizi wake. Ilikuwa hoja nzuri. Wakamwita Mama kuulizwa. Mama akasema hakusomewa.

"Nikamwambia, Mama, kumbuka vizuri, mtoto alikuja Ijumaa. Akasema hakuja. Wale watu wakaanza kuangaliana. Wakasema basi huyu ni mwongo, na kama anadanganya kwa hili kidogo, je hilo kubwa. Nikaona ameniaibisha. Nikamwambia mbele yao wote, Mama, wewe unadanganya, mtoto hawezi kutunga kitu kama hicho." Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza. "Unajua alinijibu nini? Aliniambia, 'Mwalimu, mimi kusoma sijui. Lakini yenye nimesomewa naijua.'"

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

"Siku alitoka na vitu vyake nilikuwa maabara," akasema. "Nilimwona kwa dirisha. Alisimama pale getini kidogo, nafikiri alikuwa ananingoja. Sikushuka. Nilikuwa nimemkasirikia, unaelewa? Miaka sita nimemkasirikia. Nilikuwa nasema, hata mimi, hata mimi angeweza kuniambia ukweli."

Chai ilikuwa imeshika utando. Mhudumu alikuja, akaona hali yetu, akarudi. Nilitaka kusema samahani lakini neno lenyewe niliona dogo mno, nikalisema hivyo hivyo, naye akalipokea kwa kichwa tu.

"Panguza uso," akasema hatimaye. "Kesho ni Jumamosi. Najua mahali dada yake alikuwa anakaa, Kawangware. Saa tatu nitakuwa hapa stejini. Utakuja umwambie mwenyewe. Utakuja?"

"Ndiyo, Madam."

Jumamosi niliamka mapema, nikaoga, nikavaa. Saa tatu nilikuwa Westlands, ofisini, nimekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Hakuna mtu aliyeniita kazini siku hiyo. Simu niliiweka juu ya meza ikiangalia chini. Haikulia hata mara moja, hakunipigia kuuliza niko wapi, na saa tano ilipopita nilijua ameshakwenda bila mimi.

Ujumbe wake uliingia saa tisa alasiri, umeandikwa kwa nukta na herufi kubwa kama alivyotufundisha.

"Nimempata. Nimemwomba msamaha. Amenikaribisha chai. Ameniuliza kama ni yule mtoto wa daftari aliyesema kwamba yeye alicheka. Sikumjibu, hilo nimekuachia wewe. Anauza chapati karibu na soko la Kawangware, kila siku isipokuwa Jumapili."

Nilijibu, "Asante, Madam." Hakuandika tena.

Huu ni mwaka wa pili tangu ujumbe huo. Nimefika kwenye soko hilo mara moja tu. Nilimwona kwa mbali, ameketi upande wenye kivuli, mikono yake ina unga mpaka kwenye viwiko, anaongea na mteja na kucheka. Nilisimama kwenye kibanda kilichokuwa upande wa pili wa njia, nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikarudi nyumbani.